Kununua kwa Msimu: Je, Siku Hizi Bado Kuna Maana?

(Mada iliyosomwa na Kamati ya Manunuzi mbele ya wanachama na wageni, siku ya kuadhimisha miaka 10 ya kikundi)



Sisi wa Kamati ya Manunuzi tumepewa dakika ishirini. Katibu ametuonya kwamba tukizidisha atazima kipaza sauti, na mnamfahamu, hatanii.

Swali tuliloletewa lilizuka kwenye mkutano wetu wa kawaida wa wiki. Tulikuwa tunazungumzia kununua mahindi kwa pamoja wakati wa mavuno. Akasimama mwanachama mmoja, bado kijana, akasema: "Jamani, habari ya kununua na kuweka ni ya bibi zetu. Siku hizi duka liko mlangoni, simu iko mkononi, boda boda iko barabarani. Ukitaka kilo mbili unapata kilo mbili. Kwa nini tufunge hela kwenye magunia?" Wengine wakapiga makofi, wengine wakaguna. Mwenyekiti akaamua kamati ikalitafiti, ije ijibu siku ya leo.

Tuanze kwa kumpa haki yake. Kwa vitu vingi anasema kweli. Sabuni haina msimu. Chumvi haina msimu. Viberiti, mafuta ya kujipaka, madaftari, vyote hivyo ukivirundika nyumbani umefunga hela bure na panya wanakushukuru. Nyanya ndiyo kabisa: ina msimu mkali kuliko vyote, lakini haiwekeki. Mvua ikizidi, nyanya zinashambuliwa na ukungu shambani na bei inaruka. Kiangazi zikijaa sokoni unapewa ndoo kwa bei ya kutupa. Hapo dawa ni kula nyanya zikiwepo, na zikipanda bei mtu anapunguza kwenye mchuzi. Hakuna haja ya semina.

Sukari ilitudanganya kidogo. Tulizoea kuiweka kwenye kundi la vitu visivyo na msimu, kwa sababu iko dukani mwaka mzima. Kumbe miwa nayo inavunwa shambani, na mvua ikiwa nyingi matrekta hayaingii na viwanda vinasimama. Mvua za El Niño zilizoanza mwishoni mwa 2023 zilileta hali hiyo, na mwanzoni mwa 2024 sukari iliadimika nchi nzima mpaka Serikali ikatangaza bei elekezi. Wauza chai na maandazi mliomo humu mnakumbuka. Hata hivyo hatushauri mtu kuweka sukari ya mwaka mzima. Tunasema tu kwamba kitu kuwepo dukani si ushahidi kwamba hakina msimu.

Sasa tuje kwenye mahindi, maana ndiyo yaliyoleta ugomvi.

Kwetu huku tuna mvua mbili, za vuli na za masika. Mavuno makubwa ni ya masika: bondeni watu wanaanza kuvuna Juni, milimani upande wa Tarime wanaendelea mpaka Agosti. Mavuno ya vuli yanakuja Januari na Februari, lakini wenzetu wa Serengeti wanajua kuwa vuli ni ya kubahatisha. Ukishuka ng'ambo ya Mto Mara kuelekea Mugumu, mwaka mwingine vuli inakuja vizuri, mwaka mwingine inakupa mabua. Kwa hiyo kipindi kigumu ni kile cha Machi mpaka Mei, wakati mama anapalilia shamba akiwa na njaa, na ghala limebaki vumbi. Hapo ndipo debe linaponunuliwa kwa bei ya juu, na anayelinunua mara nyingi ni yule yule aliyeliuza mwezi wa nane.

Na kwa nini aliliuza mwezi wa nane? Si ujinga, jamani. Aliuza kwa sababu mwezi wa nane ndipo madeni yote yanapodai pamoja. Mwenye duka anadai, mkopo wa mbegu unadai, mgonjwa yupo, na mahindi ndiyo hela pekee iliyopo ndani ya nyumba. Wenzetu wa Serengeti wanaopakana na hifadhi wana sababu nyingine juu ya hiyo: tembo. Mahindi yakikomaa tembo wanajua kabla ya mwenye shamba, na hawasubiri bei ipande. Anayelala nje na tochi na debe la kupiga kelele usiku kucha, akipata mnunuzi wa kumchukulia yote shambani, anauza. Nasi tungeuza.

Tulitaka kujua tofauti ya bei ni kubwa kiasi gani, tusije tukasema kwa kukisia. Wataalamu watatu, Christopher Gilbert, Luc Christiaensen na Jonathan Kaminski, walichapisha mwaka 2017 utafiti wa bei katika masoko 193 ya nchi saba za Afrika, Tanzania ikiwemo. Waliona kwamba kati ya nafaka kuu, mahindi ndiyo yanayoyumba zaidi: kwa wastani bei ya juu kabisa ya mwaka inazidi ya chini kabisa kwa asilimia 33. Mchele ulikuwa asilimia 16 na nusu. Kwa maneno ya jikoni, ukila ugali wa mahindi msimu unakuuma mara mbili kuliko mla wali.

Theluthi moja, basi. Tuipigie hesabu, na huu ni mfano tu, bei za soko mnazijua wenyewe. Tuseme gunia la kilo 100 mwezi wa Agosti ni shilingi 60,000. Likipanda kwa theluthi, mwezi wa Machi litakuwa 80,000. Tofauti ni 20,000. Toa mfuko wa kuhifadhia, tuseme 5,000. Toa usafiri, 2,000. Mama amebakiwa na 13,000 kwa kila gunia. Si utajiri, lakini ni sare ya shule ya mtoto mmoja au karibu yake.

Hebu sasa tumchukue mama wa pili. Yeye hana 60,000 mwezi wa Agosti, anakuja kukopa kwenye kikundi chetu hiki hiki, kwa riba yetu ya asilimia 5 kwa mwezi. Kila mwezi ni shilingi 3,000. Kutoka Agosti mpaka Machi ni miezi saba, riba peke yake 21,000. Ongeza mfuko na usafiri, 7,000. Amelipa 88,000 kwa gunia ambalo angelipata kwa 80,000 Machi. Huyu amekula hasara ya 8,000 kwa kufuata ushauri mzuri.

Tunaomba mlitazame hilo kwa makini, kwa sababu ndilo jibu la swali letu. Kununua kwa msimu kunalipa kwa mwenye fedha yake mkononi wakati wa mavuno. Kwa mwenye kukopa kwa riba ya mwezi hakulipi. Basi mwanachama wetu kijana na bibi zetu wote wawili wanasema kweli, tofauti yao ni nani ana hela mwezi gani. Tutalirudia tukifika kwenye suala la mgao.

Jambo jingine la hesabu hiyo: gunia hilo lisiguswe Agosti. Nyumba ile kwanza yake ya shambani, na ya vuli ikiwa imekuja, ndipo mfungue lililonunuliwa. Mkilifungua Septemba mmekula mahindi ambayo sokoni bado ni rahisi, na faida yote imeyeyuka.

Mtu atauliza: mbona bibi zetu hawakuwa na hesabu hizi zote? Wengi tulikaa na wazee tukawauliza. Zamani kila nyumba ya mke ilikuwa na ghala lake, na ndani ya ghala kulikuwa na ulezi na mtama kuliko mahindi. Sasa, ulezi ni punje ndogo ngumu, wadudu hawauwezi. Ukikauka vizuri unakaa miaka mingi ghalani, na bado unatoa uji na unatoa kimea. Bibi hakuwa na msimu wa kununua kwa sababu alikuwa anakula mavuno ya mwaka juzi huku ya mwaka huu yakipumzika. Sisi tumehamia kwenye mahindi, matamu, mengi, meupe, lakini hayavumilii. Kwa hiyo tukisema kununua kwa msimu ni mambo ya kale, tunakosea upande. Bibi mwenye ulezi alihitaji kufuata msimu kidogo kuliko mjukuu mwenye mahindi.

Adui wa mahindi mnamjua. Dumuzi hakuwa mdudu wa kwetu. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, na aliingia nchini mwishoni mwa miaka ya 1970 kupitia upande wa Tabora. Wakulima wengine wakambandika jina la lori, Scania. Anaweza kuanza gunia likiwa zima akaliacha unga na maganda. Miaka mingi watu waliuza mahindi mapema kwa kumwogopa yeye, wala si kwa shida ya hela. Dawa za unga zinasaidia, ingawa zinahitaji kupimwa sawasawa, na kuna watu wanakisia kwa kiganja cha mkono, jambo ambalo hatulipendi hata kidogo kwa chakula cha watoto.

Siku hizi kuna mifuko isiyopitisha hewa, yenye plastiki mbili ndani na salfeti nje. Mahindi yanajazwa, hewa inakamuliwa, kila plastiki inafungwa peke yake, na wadudu waliomo wanakufa kwa kukosa hewa. Hakuna dawa. Mfuko usipotobolewa unatumika tena msimu mwingine. Hapa ndipo simu na barabara za mwanachama wetu zinapofanya kazi upande wetu: kuweka kumekuwa rahisi kuliko ilivyokuwa kwa mama zetu waliohangaika na majivu na moshi.

Ila mahindi yawe yamekauka kweli. Mfuko huo ukifungia mahindi mabichi umefungia ukungu, na ukungu una sumukuvu, ambayo huioni wala huisikii kwenye ulimi na inaharibu ini. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Si hadithi ya mbali. Kipimo ni hiki: chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi kama theluthi ya chupa, tia kijiko cha chumvi iliyokauka, funga, tikisa, acha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji, rudisha juani. Ikibaki chini bila kushika, weka. Na anika juu ya turubai, tafadhali. Tumewaona wanaoanika kandokando ya barabara ya lami, eti pana joto. Pana joto na matairi.

Mnunuzi naye apime kwa mizani. Mkulima akipimiwa kwa lumbesa analia, nasi wanunuzi tusije tukageuka kuwa wale wale tuliokuwa tunawalalamikia. Lumbesa imekatazwa kisheria, na kikundi cha akina mama kikikutwa nayo itakuwa aibu ya kata nzima.

Kabla hatujaacha mahindi, neno kwa wale wanaotaka kununua ili wauze. Hiyo ni kazi nyingine kabisa. Sisi tuko jirani na Sirari, na bei ya Tarime haiamuliwi na mvua ya Tarime peke yake. Inaamuliwa pia na tumbo la Kenya na kalamu za wakubwa. Mwaka 2017 Serikali yetu ilizuia mahindi kuuzwa nje, bei zikaanguka, na walioweka kwa ajili ya kuuza wakabaki wanayatazama. Mwezi Machi 2021 Kenya nayo ilifunga mlango kwa mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na ingawa ilifungua baada ya siku chache kwa masharti, malori yalikuwa yameshakwama. Tena mwishoni mwa 2022 bei ilipanda sana, aliyekuwa na stoo akacheka. Aliyeweka ili auze anacheka mwaka mmoja na kulia mwingine. Aliyeweka ili ale, bei ikianguka amepoteza faida tu, ugali bado anao. Kamati inazungumzia kuweka kwa kula.

Wapo pia waliofanyia jambo hili majaribio jirani yetu, magharibi mwa Kenya. Marshall Burke, Lauren Bergquist na Edward Miguel walichapisha matokeo mwaka 2019. Wakulima walipewa mkopo mara tu baada ya kuvuna, na waliopewa hawakulazimika kuuza upesi, wakauza baadaye bei ilipopanda, wakanufaika. Lakini pale ambapo wakulima wengi wa eneo moja walipewa mkopo, bei zenyewe zilianza kukaribiana, ya mavuno ikapanda kidogo, na faida ya kila mmoja ikapungua. Sisi tuliposoma hivyo hatukusikitika. Kama siku moja Machi na Agosti zitafanana bei huku kwetu, tutafunga kamati hii twende tukalime.

Dagaa sasa. Hapa msimu haufuati mvua peke yake, unafuata mwezi wa angani. Dagaa wa Ziwa Victoria wanavuliwa usiku kwa taa. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi wengi wanatumia taa za sola na betri. Usiku wa giza taa inawavuta, usiku wa mbalamwezi hawajali. Kwa hiyo kila mwezi kuna siku za neema na siku za ukame, na bei kule Musoma na pwani ya Rorya inapanda na kushuka hivyo hivyo. Mwanamke wa Nyamongo au Mugumu anayenunua kwa kipimo cha kikombe analipa bei ya mbalamwezi hata siku za giza, kwa sababu muuzaji wa katikati hapunguzi haraka kama anavyopandisha. Tukinunua gunia zima kwa pamoja siku za giza tukagawana, tunaiona tofauti mara moja, na hapa hakuna kusubiri miezi saba. Riba haijapata hata nafasi ya kukaa chini.

Halafu kuna dagaa wa kiangazi na dagaa wa mvua. Wanaoanikwa mchangani wakati wa mvua wanaoza kabla ya kukauka, wanakuwa weusi na wachungu, na nusu ya uzito ni mchanga. Wanunuliwe Juni mpaka Septemba, wa kung'aa, wanaovunjika ukiwabana kwa vidole, na ikiwezekana walioanikwa juu ya chanja. Bei yake ikizidi kidogo lipeni. Hapo tunabishana na wale wanaodhani msimu ni bei peke yake.

Mboga tulisahau karibu wote. Majani ya kunde na mgagani yanajaa mvua zikianza, mpaka watu wanalisha mbuzi. Yakianikwa kivulini yakawekwa kwenye chombo kikavu, yanavuka kiangazi. Viazi vitamu wenzetu wa Usukumani wanatengeneza michembe, sisi tunaviacha vioze ardhini. Mihogo angalau udaga tunaujua.

Sare za shule, tukiwa tunamaliza orodha, zina msimu wa kinyume: mafundi hawana kazi Septemba, na Januari hawashikiki. Elimu bila ada ilianza mwaka 2016, na kidato cha tano na sita kikaongezwa mwaka 2022, lakini sare na daftari bado ni za mzazi.

Basi tufike kwenye mgao, ambapo tunajua kuna watu hapa wameshakunja uso.

Kikundi chetu kwa miaka 10 kimegawana Desemba. Ilikuwa na sababu zake: Krismasi, nguo, na Januari ya shule. Lakini Desemba mahindi ya masika yameshapanda na ya vuli bado yako shambani. Tena Desemba huku kwetu ni mwezi wa sherehe. Hela inaingia mlango wa mbele na kutokea wa nyuma, na kila mwenye ndugu anajua umegawiwa. Kamati inapendekeza mgao ukatwe mara mbili: nusu ya hisa itolewe mwisho wa Julai, nusu ibaki Desemba kama kawaida. Nusu ya Julai, kwa atakayependa, isitolewe taslimu. Kamati inunue mahindi kwa pamoja, kwa mizani, baada ya kipimo cha chupa, na kila mtu apewe magunia yake.

Limeletwa pingamizi zito, tena na wanachama wakongwe, nasi hatutalifunika mbele ya wageni. Walisema: hela iliyoko kwenye kasha lenye kufuli tatu haionekani, gunia linaonekana. Likikaa nyumbani, mwenye nyumba anaweza kuliuza akiwa na shida yake, au akiwa na kiu yake, na mama hana la kusema. Akina baba mliopo hapa mnacheka, lakini hamjakanusha. Kwa hiyo pendekezo letu lina sehemu ya pili: chumba kimoja cha kukodi, chenye sakafu ya saruji na chaga za mbao, kufuli tatu kama za kasha, na daftari lenye jina la kila mwenye gunia. Litolewe kwa saini ya mwenyewe, kuanzia Machi, au mapema akipata msiba au ugonjwa. Kwa walio Serengeti chumba kiwe upande wao, wasivuke mto kila wanapotaka kula. Kodi ya chumba hatujaiweka kwenye hesabu ya hapo juu. Ikigawanywa kwa magunia machache itameza ile 13,000, ikigawanywa kwa mengi haitasikika. Tumekadiria kwamba pungufu ya magunia arobaini kwa chumba haifai kuanza.

Na wale ambao hawana hisa za kutosha kununua hata nusu gunia, ambao ndio hasa wanaonunua kwa kisado mwezi wa nne? Kwa hao kamati imegawanyika. Baadhi yetu tunataka mfuko wa jamii uwakopeshe gunia moja moja bila riba, walipe kidogo kidogo mpaka Machi. Wengine tunasema mfuko wa jamii ni wa misiba na wagonjwa, na ukigusa hapo umegusa jeneza la mtu. Hatukufikia muafaka, na tumeona ni bora tuseme hivyo kuliko kuleta maneno matamu.

Mkutano mkuu utapiga kura. Karatasi za kujiandikisha, zenye idadi ya magunia na upande wa mto, ziko mezani kwa Mweka Hazina karibu na sufuria za pilau. Asiyejua kuandika aje na kidole chake, wino upo. Katibu anaweza kukishika kipaza sauti chake.